Ufa Umefika Kwenye Neno Lako

Lubumbashi, Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi

Papa,

Ufa umefika kwenye neno lako. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza nani mzima na nani mgonjwa. Ulianzia pembeni mwa dirisha, ukashuka, ukapita kwenye maandishi yako ya mkaa ukutani, katikati ya arhosaf na arhosi, ukatulia hapo siku zote za baridi kama mtu aliyechoka. Wiki hii umegeuka na kukata erys. Nimetia alama ya penseli mwisho wake na tarehe kando, kama ninavyofanya kila Jumamosi. Unanijua. Ulikuwa unanicheka kwamba hata mvua ninaiandikia siku yake katika daftari langu, eti isije ikakana kwamba ilinyesha.

La pili ni kwamba Mama hayuko tena ndani ya lupangu lwetu, ndani ya ua wa nyumba. Ametoka. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu tulimtoa kwa jina lako, na mwenye jina ana haki ya kujua lilikotumika.

Tangu ulipokwenda, mgodi umesogea. Wakati wako tulikuwa tunausikia kwa mbali tu: honi inalia mchana, halafu ardhi inakohoa mara moja kwa baruti, watu wanaendelea kula bukari, ugali wao. Sasa honi ikilia, kuku wa Mama wanakimbilia chini ya meza bila kufukuzwa. Vikombe vinatembea kabatini. Maji ya kisima yalianza kubadilika rangi, yakashuka, na leo ndoo inaleta tope peke yake. Mama Kapinga, jirani yetu wa kutoka Kasai aliyekuwa akiuza vitenge, alihama kabla ya Pasaka. Siku ya kuondoka alifagia vyumba vyote, akafunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo kifuani. Wiki iliyofuata mashine ikaja ikailaza nyumba pamoja na kufuli yake. Upande wa juu wa avenue yetu hakuna nyumba tena. Kuna uzio wa waya, na nyuma ya uzio kuna kilima cha udongo ambacho asubuhi ni kikubwa kuliko jana, na sijawahi kumwona anayekipandisha.

Kisha wakaja vijana wawili na ndoo ya rangi. Walikuwa na adabu. Walisema bonjour, wakauliza kama mbwa anauma, halafu wakachora msalaba mwekundu, alama ya nyumba itakayobomolewa, kwenye ukuta wa nje. Niliwauliza ni lini. Mmoja alisema wao wametumwa kuchora tu. Hakuna tarehe, Papa. Nadhani hilo ndilo lililoniogopesha kuliko rangi yenyewe. Upande wa nje wa ukuta msalaba wao, upande wa ndani maneno yako ya mkaa, na katikati matofali yale yale uliyoyachoma wewe.

Naomba nirudie hadithi ya neno hilo. Hukuisahau, najua. Nataka tu uone kama nimeishika vizuri, kwa sababu sasa nimebaki peke yangu ninayeijua yote.

Ulikuwa mtoto, kule kaskazini, na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Bibi, mama yako, alikupeleka kwenye zahanati ya Waprotestanti bila kumwambia padri. Pale kulikuwa na muuguzi mzee, mzungu, mliyemwita Mamzele. Kila mtu alimwita Mwingereza, na kila mara alikasirika. Yeye alitoka Wales, Pays de Galles, na watu wake walikuwa na lugha yao, Kiwelisi, iliyokuwa katika kisiwa kile kabla Kiingereza hakijafika. Kila asubuhi alipofungua bendeji alikushika goti na kusema: aros. Wewe ulidhani ni jina la dawa. Ulituambia kwamba siku moja, kidonda kilipouma sana, ulimlilia akuongezee aros, naye akacheka mpaka akaweka chini beseni. Ndipo alipokueleza: maana yake ngoja, baki, usiondoke. Katika lugha yake kubaki na kungoja vilikaa katika nyumba moja.

Ulikaa pale miezi mingi, na kwa kuwa mtoto aliyelala anachoka, ulimwomba akupe neno lile lote, pamoja na watu wake. Akakupa. Arhosaf, nitabaki. Arhosi, utabaki. Erys, anabaki. Arhoswch, ukiwaamuru wengi. Ulitufundisha sisi kwa mkaa kwenye ukuta huu, Jumapili baada ya misa, wakati watoto wa wengine wanacheza mpira. Ulituonyesha ile h iliyojificha: katika aros huisikii kabisa, lakini neno likirefuka na mkazo ukisogea mbele, h inatoka, kama pumzi ya mtu aliyejitwika mzigo. Ulitufanya tuiweke mikono mbele ya mdomo ili tuihisi. Na erys ulikuwa unaipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna irabu yake hata moja iliyosalimika. A imekuwa e, o imekuwa y. Ulisema: "Munaona? Ule mwenye kubakia njo anabadirika zaidi."

Hatukuelewa. Tulikuwa tunasikia njaa.

Asili yake hukuipata. Ulimwuliza Mamzele lilitoka wapi, naye akajibu kwamba watu wa vitabu wanabishana, yeye alilipokea kutoka kwa bibi yake, na bibi yake kwa bibi yake. Baadaye ulijaribu kulipatia jamaa. Uliweka kushala ya Kiluba upande mmoja, na kusalia na kusaza za Kiswahili upande wa pili, ukatuonyesha kwamba hizo ni ndugu wa damu, zimetoka tumbo moja zamani sana. Ukataka kuingiza aros katika ukoo huo kwa sababu ya ile s. Mwaka mzima ulihangaika. Halafu jioni moja ulifuta mstari uliokuwa umewaunganisha, ukasema hawa si ndugu, ni majirani tu. Kila watu duniani walihitaji neno la kumwambia anayebaki.

Baba mudogo Ferdinand, mdogo wako wa Kambove, ndiye aliyekutania kuliko wote, akikuita yaya, kaka mkubwa. "Yaya, luga ya neno moya! Ata kasuku iko na mbili." Nawe ulimjibu kwamba neno hilo moja lilikutosha kupata kazi. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile kwenye dirisha la tiketi, pale gare, ulichowaambia watu ni hicho tu: ngojeni, treni inakuja.

Sasa naja kwenye siku ya hospitali. Sitaiandika yote.

Walipokusukuma kwenda kwenye chumba cha upasuaji, Mama alitembea kando ya kitanda mpaka kwenye mlango wenye vioo. Pale muuguzi alimzuia. Wewe ukainua kidole, kama pale nyumbani ulipokuwa unatoka asubuhi, ukamwambia: "Aros." Ulitabasamu kidogo. Nilikuwa nyuma yenu na mfuko wa nguo, niliona. Mama akaketi kwenye benchi. Daktari alipotoka na kutuambia kwamba umefariki, Mama hakuinuka. Tulipotaka kumwinua, alisema hapana, bwana yake amemwambia angoje. Tulimbeba, Papa. Mimi na dereva wa teksi aliyetuleta.

Tulifikiri ni uchungu wa siku zile. Kilio kikapita, watu wakaondoka na mikeka yao, naye akabaki vile vile. Hakutoka tena kwenye mlango wa lupangu. Sokoni nilienda mimi. Kanisani hakwenda, katekista alimletea komunyo. Familia ilipotaka kumtoa kwenye kilio, kumwogesha na kumvalisha kitambaa kipya kama desturi inavyotaka, alikataa. Hakuwa na wazimu. Alipika, alishona, alinikosoa namna ninavyokatakata majani ya sombe. Lakini tukimgusia kuhama, alikuwa anatutazama kana kwamba sisi ndio hatuna akili, akataja jina lako. "Mweye enda. Miye Ilunga aliniambia nimungoye. Akirudi akute lupangu bule, atasema nini?"

Watu wa avenue waliokuwa bado hawajahama wakaanza kusema, wakimwita kwa jina langu mimi: Mama Adele iko anangoya treni. Walisema kwa upole, lakini walisema.

Nilijaribu kila njia. Nilimwonyesha alama zangu za penseli ukutani. Alizitazama kwa makini, akanisifu mwandiko. Nilimleta katekista. Nilimpigia simu kaka yangu kule Kilwa ya kwetu, ziwani, naye akaongea na Mama kwa muda mrefu, na mwisho Mama ndiye aliyemfariji yeye. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta ule ule. Nilipomsogezea kitanda katikati ya chumba, asubuhi nilikikuta kimerudi ukutani. Alisema kutoka pale anasikia mlango wa nje.

Niliketi nikafikiri hivi: Mama hakatai ukweli. Anatii. Na anayetii hawezi kufunguliwa isipokuwa na yule aliyemfunga. Basi nikapanda gari kwenda Kambove.

Baba mudogo amezeeka. Bado anashinda na wachimbaji wadogo, anawauzia nyundo na kamba, anajua mawe kama wewe ulivyojua saa za treni. Nilimwambia nimekuja kumwomba akupyane: avae kofia yako, akae kwenye kiti chako, achukue jina lako mbele ya ukoo, ili atakachomwambia Mama kiwe umekisema wewe. Hakucheka. Alisema kofia ya yaya itamfunika macho. Alisema pia kitu ambacho bado kinanikaa moyoni: mtu akilichukua jina la marehemu na kusema uongo kwa jina hilo, marehemu anasikia, na ni yeye mpyani atakayedaiwa maelezo. Nikamwuliza kama kumwambia Mama atoke ni uongo. Akasema: "Sijui. Yaya hakuniambia kitu." Lakini alikuja.

Alipofika hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kwenye ukuta, akaweka kiganja juu ya ufa, akangoja honi. Honi ikalia. Ardhi ikakohoa. Aliondoa mkono taratibu, na vumbi la matofali lilikuwa limemjaa kwenye mistari ya kiganja.

"Hii ukuta haitangoya muntu," aliniambia. Hapo ndipo nilipojua kwamba atakubali.

Tulifanya Jumamosi moja. Katekista alisali, kisha akasogea kando kwa heshima. Tulitandika mkeka mbele ya mlango, tukaweka kiti chako. Wazee wawili wa ukoo walimpaka baba mudogo pemba, udongo mweupe, kwenye mikono, wakamvika kofia yako ya reli. Ilimfunika macho kweli. Hakuna aliyecheka. Kisha desturi inamtaka mjane alete maji na kumwita mpyani kwa jina la aliyekufa. Asipomwita, kazi yote ni bure, na mpyani anavua kofia anarudi kwao.

Mama alitoka na kikombe cha maji. Alijua vizuri tunachofanya, Papa. Ni mwanamke wa kwetu. Alisimama mbele ya kiti muda mrefu, na mimi nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili yanayopingana: amwite, na asimwite. Kwa sababu nilijua kwamba akimwita, hapo ndipo wewe utakuwa umekufa kabisa.

Alimtazama viatu, akamtazama mikono. Kisha akasema, polepole: "Ilunga. Kunywa mayi."

Baba mudogo akanywa. Tulikuwa tumepanga maneno mimi naye, nilikuwa nimemwandalia vizuri: hatari, watoto, baraka. Hakusema hata moja. Alirudisha kikombe, akainua kofia kidogo ili amwone, akasema:

"Mama Adele, ulingoya. Niliona. Sasa simama, tutoke."

Mama alikuwa amesimama tayari. Lakini nilimwona anasimama tena, sijui niandike vipi; kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao sisi hatukuuona. Halafu akasema kwamba Ilunga wa kwanza hakumwambia "niliona" hata siku moja, na kwamba huyu mpya pengine ataweza kufundishika. Wazee wakacheka kwa kushtuka. Mimi nilienda nyuma ya nyumba kulia.

Tulimhamisha siku ile ile, kwangu, upande wa Annexe, kwenye vyumba vyangu viwili na bustani ya mahindi. Alichukua kiti chako, kuku na kabati. Alipotoka mlangoni hakugeuka nyuma. Anavaa kitambaa kipya. Juzi alienda sokoni peke yake na akarudi amegombana na mwuza samaki, na nilifurahi kama siku ya Noeli.

Ningeweza kumalizia barua hapa. Nilitaka sana kumalizia hapa.

Lakini jana nilikuja kuweka alama yangu ya Jumamosi, nikakuta ufa umekata erys, na pale Mama alipokuwa akiegemeza kichwa, matofali matatu yameanguka juu ya sakafu tupu. Nikafikiri nipite makaburini nikuambie kwamba tuliwahi. Njia ya kawaida imefungwa. Nguzo za uzio zimepita katikati ya njia, na ilinibidi nizunguke kwa nyuma, kwenye majani.

Papa, wamechora msalaba mwekundu juu ya saruji yako.

Si yako tu. Mstari wote. Wamechora vizuri, katikati, kana kwamba ni watu wa kanisa. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba ni familia fulani imepaka rangi misalaba yake. Kisha nikatambua rangi. Nilitafuta tarehe kila upande wa kaburi. Hakuna.

Mama hajui. Akijua, najua atakachofanya: atachukua mkeka, ataketi pale juu yako, na safari hii hakuna wa kumpyana mtu ili amwinue. Atasema yeye mwenyewe amejipa neno. Kwa hiyo jana usiku nilikula naye, nikacheka alipotaka nicheke, nikamwambia kaburi ni safi.

Nimekasirika nawe pia, niruhusu niliseme. Ulikuwa na neno moja zuri ukalitoa bila kuliwekea mwisho. Pale gare ulijua angalau saa ya treni, hata kama ilidanganya. Mlangoni mwa hospitali hukumwambia Mama mpaka lini. Najua hukujua. Ulikuwa unataka tu kumtuliza, kama Mamzele alivyokutuliza wewe akikushika goti. Lakini Mamzele alikuwa anarudi kila asubuhi.

Na kuna swali ninalokuja nalo kila siku. Aliposema "niliona", ilikuwa ni wewe? Baba mudogo anasema hajui maneno yale yalitoka wapi. Nimeliandika katika daftari chini ya siku ile, na mbele yake nimeacha nafasi. Haitajazwa, najua.

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya ukuta wako. Nimesafisha vumbi kwenye maneno kwa kitambaa kikavu, taratibu, ili mkaa usifutike. Arhosaf bado inasomeka. Arhoswch pia. Nje majakaranda yanamwaga maua kwenye avenue isiyo na watu, na joto ni lile la kabla ya mvua, unalijua, mawingu yanakuja kila alasiri, yanatazama, yanakwenda zao.

Nimeshaongea na baba mudogo kwa simu. Atakuja na watu wawili kutoka Kambove, watu wa kuchimba bila kuvunja. Nimepata nafasi kwenye makaburi ya upande wa Annexe, karibu na mti, mahali ambapo Mama anaweza kufika kwa miguu. Nitamwomba Mama shuka yake nyeupe, na nitasema ni ya mgeni. Tutakutoa kabla ya mvua kubwa ya kwanza, kabla udongo haujawa mzito. Ukishatulia pale mahali papya ndipo nitamleta na kumwambia yote, na anipige kama anataka.

Honi imelia sasa hivi. Wameanza kupasua hata Jumapili. Nimeacha kuandika kidogo.

Nimerudi. Kipande kimeanguka kutoka juu ya dirisha. Nimetia alama.

Ninakuacha na neno lako mwenyewe, Papa, kwa sababu sina lingine la kumwambia anayebaki. Aros. Lakini mimi ninalitia mwisho: hadi mvua, si siku moja zaidi. Ukisikia vyuma juu yako, sikiliza kwanza. Kama kuna mtu anakuita kwa jina na kusema "niliona", ni sisi.

Adele wako